Kusoma Sheria Ukiwa Bado Sekondari: Maswali Ninayoulizwa Kila Muhula Hapa Kisumu

Mimi ni mwalimu wa Historia na Serikali katika shule ya kutwa viungani mwa Kisumu, na pia mlezi wa chama cha sheria cha shule. Wanafunzi hunivizia kwenye kijia cha kwenda ofisi ya walimu. Wazazi hunishika mkono siku ya kuchukua ripoti. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Kama tayari una kesi, majibu haya si badala ya wakili.

Mwalimu, kuna somo linaloitwa Sheria sekondari?

Hapana. Kwa walio katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, sheria imejificha ndani ya Historia na Serikali: uraia, katiba, haki za binadamu, mihimili mitatu ya serikali. Katika karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, Sehemu C yote ni ya serikali na ina alama 30. Wengi huikimbilia dakika za mwisho mkono ukiwa umechoka, na huko ni kutupa alama.

Darasa la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wako sekondari pevu ya mfumo mpya, na anayewazia sheria kwa kawaida huelekea mkondo wa Sayansi za Jamii, ambako kuna Historia na Uraia. Huko pia hakuna somo la Sheria lenyewe. Ndiyo maana tuna chama.

Mwanafunzi anaruhusiwa kuingia kortini kutazama kesi?

Anaruhusiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinataka kesi isikizwe hadharani, na hadharani maana yake ni mlango kuwa wazi kwa mimi na wewe. Hulipi chochote. Kuna kesi zinazosikizwa faraghani, kama zile za watoto, na hakimu akisema watu watoke, mnatoka bila kuuliza.

Kaunti hii ina korti za Kisumu mjini, Winam, Maseno, Nyando na Tamu, kwa hivyo anayeishi Muhoroni hana haja ya kufunga safari ya kuja mjini. Mkienda kama kundi, mwalimu aandike barua mapema kwa wasimamizi wa mahakama. Fikeni kabla ya saa tatu. Orodha ya kesi hubandikwa ukutani; isomeni kwanza mjue mnaingia chumba gani. Simu izimwe kabisa, maana kuitoa tu mlio hakutoshi. Hakuna picha. Ukiingia au kutoka hakimu akiwa ameketi, inamisha kichwa kidogo. Siku moja kijana wetu alikuwa akitafuna peremende. Askari wa korti alimtazama tu, naye akaimeza nzima.

Jumatatu ndiyo siku ninayoipenda, kwa sababu waliokamatwa wikendi ndipo wanapoletwa.

Huko kortini mnajifunza nini ambacho hakiko kitabuni?

Hebu niwasimulie asubuhi moja, nibadilishe vitu vidogo ili mtu asitambulike.

Tulikuwa kumi na wanne kwenye benchi la nyuma. Kizimbani kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyeshtakiwa kuiba betri ya pikipiki. Karani alimsomea shtaka kwa Kiswahili, kisha akamuuliza: ni kweli ama si kweli? Kijana akajibu, “Ni kweli nilichukua, lakini mwenye pikipiki ana deni langu la miezi miwili.”

Wanafunzi wangu karibu wote waliandika kwenye daftari: amekiri. Hakimu aliandika kinyume chake, kwamba mshtakiwa amekana. Akataja tarehe ya kesi kusikizwa, masharti ya dhamana yakasomwa, akaitwa mwingine. Dakika nne, labda tano.

Nje, chini ya mti, ndipo mjadala ulipoanza. “Mwalimu, si amesema ni kweli?” Amesema ni kweli alichukua. Hakusema ni kweli aliiba. Kuiba kunahitaji nia ya udanganyifu, na mtu anayeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya kitu fulani huenda hana nia hiyo. Anaweza kuwa anajidanganya, anaweza kuwa mwongo kabisa, lakini hayo ni ya kuamuliwa baada ya mashahidi kusikizwa. Neno moja baada ya koma lilikuwa limegeuza kila kitu.

Utaratibu huu una asili. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ilieleza hatua za kufuata mtu anapokiri: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe, ikiwezekana kama alivyoyatamka, upande wa mashtaka usome maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza jambo. Akiyapinga, au akiongeza jambo linalotia shaka kukiri kwake, inaandikwa kwamba amekana. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, hatua hizo bado ndizo zinazofuatwa Kisumu.

Kesi huendeshwa kwa lugha gani?

Katika mahakama za hakimu, Kiswahili au Kiingereza. Katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, Kiingereza. Asiyeelewa lugha inayotumika ana haki ya mkalimani bila kulipa. Hiyo pia imo katika Kifungu cha 50. Mara nyingi utamwona karani wa korti ndiye anayekalimani, akitoka Dholuo kuingia Kiswahili kisha kurudi, hakimu naye akiandika kwa Kiingereza. Maneno ya mama mmoja kutoka Seme yanaweza kupita lugha tatu kabla ya kukauka wino.

Sasa fikiria kesi yetu ya betri ingekuwa kwa Dholuo. Kuchukua ni *kawo*. Kuiba ni *kwalo*. Sauti mbili zinazokaribiana kiasi cha mtu aliyechoka saa sita mchana kuzichanganya, na kati yake pana kifungo. Anayeniambia Kiswahili ni somo la kupitia tu kabla ya kwenda chuo cha sheria, mimi humpeleka akasikilize mkalimani akifanya kazi kwa saa moja.

Mahakama Kuu na Mahakama ya Juu si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kila mwaka watu hupoteza alama hapa. Ukianzia chini: mahakama za hakimu, za Kadhi na nyingine za ngazi hiyo. Juu yake Mahakama Kuu, pamoja na zile mbili zenye hadhi sawa nayo, ya Mazingira na Ardhi na ya Ajira na Leba. Halafu Mahakama ya Rufaa, ambayo husikiza kesi Kisumu pia. Kileleni ni Mahakama ya Juu, Nairobi, yenye majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu. Kesi ya kupinga uchaguzi wa rais huenda kwao moja kwa moja, nao wana siku 14 tu za kuiamua. Tarehe 1 Septemba 2017 walifuta matokeo ya uchaguzi wa rais. Hiyo ni tarehe ya kukaa kichwani.

Mbona kortini hakuna wale watu kumi na wawili wa kwenye sinema?

Kwa sababu umekuwa ukitazama Marekani. Hapa anayeamua ni hakimu au jaji. Wakati wa ukoloni baraza la aina hiyo la raia wa kuamua kesi (jury) lilikuwepo Kenya, ila kwa washtakiwa Wazungu pekee. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji alipata wazee washauri, ambao jaji aliwasikiliza na angeweza kuwapuuza. Washauri hao nao waliondolewa kwa sheria ya mwaka 2007.

Tunataka kuigiza kesi shuleni. Tuanzie wapi?

Anzeni na kesi ndogo. Mwaka wetu wa kwanza tulichagua mauaji, na ilikuwa fujo. Hakimu wetu, kijana wa kidato cha tatu mwenye sauti nzito, alimhukumu shahidi miaka mitano kwa kucheka. Mwendesha mashtaka alilia machozi ya kweli. Mwalimu mkuu alikuwa mstari wa mbele.

Siku hizi tunatumia kesi ya madai: mfanyabiashara wa Dunga amempa mwenye bodaboda magunia mawili ya omena ayafikishe Kondele, mvua ikanyesha, omena ikaharibika. Nani alipe? Hakuna damu, lakini kuna kila kitu kingine: makubaliano ya mdomo, ujumbe wa M-Pesa, shahidi aliyeona turubai ikiwa na tundu, na swali la iwapo mvua ya saa kumi jioni Kisumu ni jambo ambalo mtu mzima anapaswa kulitarajia. Darasa hugawanyika katikati kila mara.

Wafundisheni mambo mawili tu mwanzoni. Kwanza, unapomhoji shahidi wako mwenyewe, usimtilie maneno mdomoni. “Je, uliona turubai limetoboka?” halifai, “Uliona nini?” ndilo swali. Ukimhoji shahidi wa upande wa pili, hapo unaruhusiwa kumbana. Pili, shahidi aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe. “Watu wa stejini walisema” haiingii kortini hivi hivi. Inawachukua wiki tatu kuacha kusema “watu walisema”, na kusema kweli hata ofisi ya walimu ingefaidika na zoezi hilo.

Mama yangu anadai mtu shilingi elfu arobaini. Lazima awe na wakili?

La. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mama anaweza kujisimamia. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na kanuni za ushahidi zimelegezwa. Mwambie asifute ujumbe wa M-Pesa, na kama waliandikiana kwenye karatasi ya daftari, karatasi hiyo aiweke pakavu.

Sheria za kimila zina nafasi, ama ni mambo ya wazee tu?

Zina nafasi, yenye mipaka. Sheria inaziruhusu mahakama kuongozwa na mila katika kesi za madai. Katiba ya 2010 nayo inasema mila yoyote inayokwenda kinyume nayo ni batili. Kati ya mistari hiyo miwili pana ubishi usioisha, na huku kwetu ubishi huo una jina: S. M. Otieno.

Otieno alikuwa wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ukakaa mochwari miezi mitano, nchi nzima ikisoma magazeti kama mchezo wa kuigiza, mawakili John Khaminwa upande wa mjane na Richard Kwach upande wa ukoo wakivutana kutoka Mahakama Kuu hadi ya Rufaa. Ukoo ukashinda. Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987.

Huwa nawapa wanafunzi kesi hii na kuwaambia waiamue upya leo, chini ya Kifungu cha 45 kinachowapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Wavulana wa Siaya na wasichana wa Siaya hawajawahi kukubaliana hata mwaka mmoja. Mzazi mmoja alikuja kunilaumu kwamba ninaharibu watoto. Tulikaa, tukanywa chai, naye akaishia kunisimulia kesi ya mazishi ya shemeji yake kwa saa nzima.

Polisi wakinikamata nikiwa na sare ya shule, nifanyeje?

Usikimbie, usipigane. Uliza umekamatwa kwa nini. Una haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili na mtu wa kukusaidia. Ndani ya saa 24 unapaswa kufikishwa kortini, na kama muda huo unaishia siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Haya yote yako Kifungu cha 49.

Kama hujatimiza miaka 18, Kifungu cha 53 kinaongeza: kukuzuia ni hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na usichanganywe na watu wazima. Mtaje mzazi mapema na useme umri wako, kwa sababu sare imewahi kuvaliwa na watu wenye ndevu. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuweza kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12.

Na mzazi, dhamana ya polisi ni bure. Ukiambiwa ulipe pesa taslimu, dai risiti.

Wakati wa migomo, aliyechoma bweni atapata adhabu gani?

Swali hili huja muhula wa pili, na huja kwa sauti ya chini. Kuchoma jengo kwa kukusudia ni kosa ambalo adhabu yake ya juu kwa mtu mzima ni kifungo cha maisha. Mwanafunzi wa miaka 18, na kidato cha nne wapo wengi, ni mtu mzima. Aliye chini ya hapo hupelekwa mahakama ya watoto, ambayo ina njia nyingine: uangalizi, shule ya kurekebisha tabia, au taasisi ya kurekebisha vijana kama Shikusa kule Kakamega. Aliyenunua petroli, aliyeshika mlango na aliyewasha kiberiti wanaweza kusimama kizimba kimoja. Siongezi.

Na mwalimu akituchapa viboko?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza, kifungu cha 36. Natambua kwamba kati ya sheria hiyo na baadhi ya madarasa pana umbali, na najua mzazi anayesema “sisi tulichapwa tukawa watu”. Sheria haijauliza tulikuwa watu wa namna gani.

Nahitaji gredi gani ili niwe wakili?

Kwa KCSE, wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza *au* Kiswahili. Nimelikoleza hilo “au” kwa sababu wanafunzi huamini ni Kiingereza peke yake. Hicho ni kiwango cha chini. Ushindani wa nafasi za KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo vikuu, huwa mkali zaidi ya hapo. Hesabu haikuzuii kama inavyowazuia wanaotaka kozi nyingine, ila E yake itauvuta wastani chini.

Baada ya hapo ni shahada ya sheria, miaka minne. Halafu Kenya School of Law, Karen, Nairobi, na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Mitihani husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na ukipita unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Ukihesabu na kusubiri kwingine, usitarajie kuitwa wakili kabla ya miaka sita hivi. Mzazi, weka pia akiba ya Karen. Wengi hudhani ada imeisha siku ya mahafali ya chuo kikuu.

Vyuo vilivyo karibu nasi vyenye kitivo cha sheria ni kama Moi kule Eldoret, Kisii, na kwa upande wa Nakuru, Egerton na Kabarak. Kabla ya kulipa popote, hakikisha chuo kina leseni ya Baraza kwa mwaka unaoingia.

Nikikosa hizo alama, ndiyo basi?

Angalia kortini ni watu wangapi wanafanya kazi bila joho: makarani, wakalimani, maafisa wa probesheni, maafisa wa watoto, wapelelezi. Pia kuna wasaidizi wa kisheria wa mashinani, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua. Ukitaka kusoma hukumu zenyewe, tovuti ya Kenya Law huzitoa bure. Simu ya mama na bando kidogo vinatosha.

Kuna mtu wa huku aliyefika mbali kwa sheria?

Wapo wengi, lakini anzia na C. M. G. Argwings-Kodhek wa Gem, Siaya, aliyesoma Yala akaendelea hadi kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kufanya kazi ya uwakili. Miaka ya hamsini aliwatetea washukiwa wa Mau Mau, wakati mawakili wa kuifanya kazi hiyo walihesabika kwa vidole. Baadaye akawa waziri, akafariki Januari 1969. Barabara ya Nairobi yenye jina lake wengi huipita wakidhani ni ya Mzungu.

Binti yangu ni mkimya sana. Wakili si lazima awe na mdomo?

Mama aliyeniuliza hili mwisho wa muhula alikuwa na wasiwasi kwamba binti yake hajawahi kusimama katika mdahalo hata mara moja. Nilikwenda ofisini nikamletea daftari la safari ya korti, la ile siku ya betri. Wenzake walikuwa wamejaza kurasa: rangi ya joho, jina la karani, wangapi wamekiri na wangapi wamekana. Ukurasa wa binti yake ulikuwa na neno moja tu, *lakini*, limepigiwa mistari miwili. Nilitazama saa aliyoiandika pembeni. Ilikuwa kabla hakimu hajainua kalamu.